Kabla Hujatoa Hukumu, Tazama Nani Ananyamaza

Seminari ilinifundisha kujibu maswali. Kwa miaka mingi nilidhani kumpa mtu jibu ndiko kumsaidia.

Hapa Mpanda, malipo ya tumbaku yakitoka, ofisi ya parokia hupokea ugomvi wa ndoa. Mume na mke walinijia wakigombania fedha. (Haikuwa maungamo, na wameniruhusu nisimulie.) Nikachukua kalamu, nikagawa: hizi za ada ya shule, hizi za mbolea, hizi za mabati. Wakashukuru. Baada ya miezi miwili wakarudi na ugomvi wa ng'ombe. Nikaamua la ng'ombe. Wakarudi tena, safari hii ni mama mkwe.

Siku hiyo niliweka kalamu chini, nikawatazama. Kila nilipomuuliza mama, baba ndiye aliyejibu. Mama aliinamia sakafu. Nami, nakiri kwa aibu, nilikwisha kuzoea kumgeukia baba. Ugonjwa wa nyumba ile ulikuwa mbele ya macho yangu, na mimi nauongeza huku nikihesabu mabati.

Nikasema: "Baba, naona nikimuuliza mama unajibu wewe. Leo tumsubiri." Tulisubiri sana. Hatimaye mama akasema: "Padri, leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa." Mume alinyamaza, kisha akamgeukia mkewe, si mimi.

Katika Luka 24, Bwana aliwakuta wanafunzi wawili njiani kwenda Emau. Alijua yote yaliyotokea Yerusalemu, kuliko wao. Hata hivyo aliwauliza kwanza, akawaacha waseme huzuni yao, akitembea nao. Maelezo ya Maandiko yalifuata baadaye. Rafiki za Ayubu nao walifanya vema siku saba walizokaa naye kimya. Waliharibu walipoanza kubishana.

Sisemi kisa chenyewe hakina uzito. Deni lilipwe. Na palipo na kipigo, usikae kupatanisha. Mpeleke aliyepigwa mahali salama na kwenye dawati la jinsia la polisi.

Lakini ninyi wazee wa jumuiya ndogo ndogo na wasimamizi wa ndoa, ugomvi uleule ukirudi mara ya tatu kwa jina jipya, acheni kugawa mabati. Tazameni nani anasema, nani ananyamaza, na ninyi mnamgeukia nani.

Jumapili njema.