Marejea haijashindwa, tumeshindwa sisi

Ndugu zangu mlio nyumbani na tulio ughaibuni,

Nimechoka kusikia kwamba marejea ni mmea wa hadithi tu. Mimi ni muuguzi hapa Uingereza, lakini nimekulia Songea, na mahindi ya mama ndiyo yaliyonisomesha. Mwaka 2022 mbolea ilipopanda bei, nilimwambia mdogo wangu apande marejea, ile mikunde iliyoenezwa na Wabenediktini wa Peramiho. Nikatuma pesa ya mbegu na, kwa huruma yangu, ya urea pia. Msimu uliofuata mahindi yakawa ya njano. Simu ikaja: "Dada, mmea wako hauna lolote."

Nikamhoji kama ninavyomhoji mgonjwa. Urea mliweka wapi? Kwenye marejea. Mliikata lini? Mbegu zilipokomaa, tukazivuna tukauza. Na mabua? Tulichoma.

Jamani, mmea umekosa nini hapo? Wanaonasa nitrojeni kutoka hewani ni bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi, na mmea huwalipa kwa sukari. Ukiumwagia urea, unapata nitrojeni ya bure na kuwapunguzia hao bakteria kazi. Inachotaka marejea ni fosforasi, na udongo usiotuamisha maji. Ukingoja mbegu, nitrojeni nyingi inahamia humo na kuondoka na gunia. Ukichoma mabua, iliyobaki inarudi hewani. Ikianza kutoa maua, ikate uifukie ingali mbichi.

Kupima hakuhitaji maabara. Kabla ya maua, chimbua mche taratibu, pasua kinundu. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Wekundu huo unatokana na protini ya jamii moja na ile ya damu yetu. Kikiwa cheupe au kijani, hakinasi kitu.

Watakuja wa kusema urea ni ya uhakika. Siipingi, iwekeni kwenye mahindi! Ninachopinga ni kugawa mbegu bila maelekezo. Muuguzi akitoa dawa bila kueleza inavyonywewa, anayeulizwa ni yeye, si mgonjwa. Wataalamu waulizwe, na sisi wa ughaibuni tunaotuma pesa na amri tuulizwe pia. Mimi nimeanza kujiuliza.

Kabla hujatuma pesa nyingine, omba kwanza picha ya kinundu kilichopasuliwa.

Naomba kuwasilisha.