Rangi Mpya, Breki Kuukuu

Land Rover ya shule niliyofundisha ilipopakwa rangi mpya, wazazi walishangilia. Mimi nilikumbuka siku tuliyoteremka Mai Mahiu na wanafunzi wanane nyuma, dereva akakanyaga breki na mguu ukazama hadi sakafuni. Gia ya pili na rundo la mchanga ndivyo vilivyotuokoa.

Gari hilo liliundwa mwaka 1972. Magurudumu yote manne yana breki za ngoma, na mafuta husukumwa na silinda kuu kupitia njia moja tu. Bomba likipasuka popote, magurudumu yote hukosa breki. Ngoma nazo hupata moto mteremkoni zikapoteza nguvu. Zikivuka mto, hulowa na kuteleza. Isitoshe, mafuta ya breki hunyonya unyevu, kisha huchemka kwa joto. Mvuke hubonyea chini ya mguu, mafuta hayabonyei. (Walimu wa fizikia wana somo hapo.)

Tiba ipo. Kwanza silinda kuu yenye vyumba viwili, ili mbele na nyuma pasitegemeane. Pili diski magurudumu ya mbele, kama waundaji wenyewe walivyofanya katika One Ten mwaka 1983. Ila fundi asifunge diski bila kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu, maana zinataka msukumo mkubwa kuliko ngoma.

Niliieleza bodi ya shule haya yote. Nikajibiwa kuwa fedha hakuna. Je, rangi ile ilinunuliwa kwa fedha zipi?