Mzee Ojwang' na Deni la Mtangazaji wa Taifa

Benson Wanjau alipofariki katika Hospitali Kuu ya Kenyatta mnamo tarehe 12 Julai 2015, Wakenya wengi waligundua mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, kwamba Mzee Ojwang' Hatari, yule mzee wa Vitimbi mwenye kofia na bakora, alikuwa na jina jingine. Pili, kwamba jina hilo lilikuwa la Kikuyu. Wapo waliokuwa wakiyajua hayo kwa miaka mingi, hasa waliofuatilia habari za wasanii jijini Nairobi. Lakini kwa mtazamaji wa Kakamega au Voi aliyemfahamu kupitia runinga pekee, Ojwang' alikuwa Mluo bila shaka yoyote, na kumwambia vinginevyo ilikuwa ni kama kumtania.

Rambirambi zilimiminika kutoka kwa wakubwa na wadogo. Aliitwa hazina ya taifa, nguli, baba wa vichekesho. Baada ya mazishi mambo yakatulia, kama kawaida yetu. Ninazirudia sifa hizo leo kwa sababu zilikwepa swali moja ambalo bado linatukabili: ikiwa mtu huyu alikuwa hazina ya taifa, na aliitumikia hadhira ya taifa kupitia shirika linalomilikiwa na taifa, kwa nini uzee wake uliachiwa hisani ya wasamaria?

Wanafunzi wangu waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wanahitaji kukumbushwa mazingira ya kazi hiyo. Hadi KTN ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1990, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, nacho kilikuwa cha serikali: Sauti ya Kenya, iliyokuja kubadilishwa jina na kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, mwaka 1989. Aliyekuwa na runinga alitazama kilichokuwepo. Majirani walijazana sebuleni kwa mwenye nacho, watoto sakafuni, wazee vitini. Katika hali hiyo Vitimbi na Vioja Mahakamani havikuwa vipindi viwili miongoni mwa mamia. Vilikuwa takriban mahali pekee ambapo raia wa kawaida angeweza kujiona kwenye kioo, akizungumza Kiswahili chake mwenyewe badala ya kile cha taarifa ya habari.

Na ni katika Kiswahili hicho ndipo ustadi wa Wanjau ulipolala. Tuutazame kama watu wa lugha. Dholuo haina sauti ya "sh" wala ya "z", na hivyo Mluo anayejifunza Kiswahili ukubwani aghalabu atasema "samba" akimaanisha shamba. Gĩkũyũ nayo ina mitego yake: msemaji wake asipokuwa mwangalifu huchanganya "l" na "r". Mkikuyu anayetaka kusikika kama Mluo ana kazi mbili, kwanza kuzificha alama za ulimi wake mwenyewe, kisha kuvaa za jirani. Kuiga lafudhi kwa dakika mbili jukwaani ni jambo ambalo kila mchekeshaji wa chuo hulifanya. Kuishi ndani ya lafudhi hiyo kwa zaidi ya miongo mitatu, ukigombana, ukibembeleza, ukijigamba na kuugua ndani yake, hata wenye lugha wakakudhania ndugu yao, ni jambo la aina nyingine kabisa. Sijui mwigizaji mwingine wa runinga yetu aliyelifanya kwa kiwango hicho, ila labda mwenzake wa karibu.

Mwenzake huyo ni Mary Khavere, tuliyemzoea kwa jina la Mama Kayai. Naye si Mluo, ni Mluhya. Kwa hiyo boma mashuhuri zaidi la Kiluo katika historia ya runinga ya Kenya liliongozwa na Mkikuyu na Mluhya. Katika muongo huohuo wa 1980, mahakama zetu zilitumia miezi mitano kubishana kuhusu maiti ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alikuwa Mkikuyu na alitaka kumzika mumewe karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mujibu wa mila. Ukoo ukashinda, na Otieno akazikwa Mei 1987. Kesi ile iliigawa nchi, hata watu waliokuwa wakifanya kazi ofisi moja wakawa hawawezi kuijadili bila kuinuana sauti. Sina haja ya kudai kwamba Vitimbi ilikuwa jibu kwa kesi hiyo. Haikuwa. Ninachosema ni kwamba taifa lililokuwa likiuliza mahakamani iwapo nyumba ya Mkikuyu na Mluo inawezekana lilikuwa likirudi nyumbani jioni na kuicheka nyumba ya Ojwang' bila kujua imejengwa na nani.

Turudi nyuma kidogo. Tom Mboya aliuawa Julai 1969. Oktoba mwaka huo watu wakapigwa risasi Kisumu mbele ya Rais, na chama cha Jaramogi Oginga Odinga, KPU, kikapigwa marufuku. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilitangazwa kupitia Sauti ya Kenya yenyewe, na baada yake kuwa na jina la Kiluo ilitosha kumtia mtu mashakani. Mwisho ukaja uchaguzi wa 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Muda mwingi wa historia hii, yaani katika miaka ambayo Mkikuyu na Mluo walifundishwa na wanasiasa kuogopana, kulikuwa na Mkikuyu mmoja aliyeingia majumbani kwa jina la Kiluo akapokelewa kama babu. Serikali ilipoona moto wa 2007 na 2008 ndipo ikaunda kwa sheria Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, yenye makamishna, magari na mafungu ya bajeti. Siidharau tume hiyo. Nauliza tu kama kuna ripoti yake hata moja iliyoingia katika nyumba nyingi kiasi kile.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni pingamizi la haki. Je, kuigiza lafudhi ya Kiluo si kuwakejeli Waluo? Miongoni mwa wanaharakati wenzangu wapo wanaoona vichekesho vya lafudhi vyote kuwa ni chuki iliyovalishwa nguo za kicheko. Nadhani tofauti ipo, na inaonekana ukijiuliza tunacheka nini. Katika vichekesho vingi vya jukwaani siku hizi, kabila lenyewe ndilo kichekesho: Mkikuyu anapenda pesa, Mluo anapenda makuu, Mkamba anajua uchawi, watu wanapiga makofi, basi. Ukiondoa kabila hakibaki kitu. Katika Vitimbi tulimcheka Ojwang' kwa ukaidi wake, kwa kuamini kwamba sauti kubwa ni hoja, kwa kujifanya bwana wa nyumba ilhali Mama Kayai ndiye aliyekuwa akiiendesha. Mzee wa namna hiyo yuko Nyeri, yuko Lamu, yuko Bungoma. Lafudhi ilimpa makazi, kama vile mtu mwingine anavyokuwa na kijiji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu. Vichekesho vya runinga ya serikali vilikuwa salama. Ojwang' aliweza kugombana na mkewe na wapangaji, Ikulu hakuigusa. Tulilazimika kungoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo vijana wa Redykyulass wakathubutu kumwigiza Rais Moi mbele ya umma. Hilo ni kweli, na asiyelikiri anaandika tanzia, haandiki historia. Lakini tusimtwike mwigizaji mzigo ambao wahariri, maaskofu na hata sisi wahadhiri tulishindwa kuubeba. Isitoshe, usalama huo uliinufaisha serikali. Runinga yake ilitazamwa na ikapata matangazo ya biashara, na taarifa ya habari iliyoanza kwa ziara za Rais ilipata watazamaji waliokuwa wamekaa wakisubiri kucheka. Kicheko cha Wanjau kilikuwa sehemu ya uendeshaji wa dola.

Hapo ndipo suala la malipo linapochoma. Waigizaji wa vipindi hivi wameeleza hadharani zaidi ya mara moja kwamba walilipwa kwa kipindi kilichorekodiwa, tena kidogo. Kisichorekodiwa hakilipwi. Ukiugua, hulipwi. Kipindi kikirudiwa hewani, hakuna bahasha. Sasa mlinganishe na karani wa serikali aliyeajiriwa katika miaka hiyohiyo, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa hati za malipo ya watu kama Wanjau. Karani huyo, akitumikia miaka kumi katika ajira ya kudumu, amekwisha kujipatia haki ya pensheni. Alistaafu akiwa na kiinua mgongo na malipo ya kila mwezi, jambo ambalo ni stahiki yake na simwonei kijicho. Wote wawili walifanya kazi ya umma kwa fedha za umma. Mmoja aliitwa mwajiriwa, mwingine akaitwa "kipaji", na neno hilo likafanya kazi ya kumwondolea haki zake kwa upole.

Wasomaji wangu walio katika utumishi wa umma wanaweza kusema sheria haikuruhusu vinginevyo. Tuiangalie basi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja, au akapewa kazi isiyotarajiwa kwisha kabla ya jumla ya miezi mitatu, masharti yake hubadilika na kuhesabiwa kuwa ya mwajiriwa wa mwezi. Msanii anayefanya kazi kwa mkataba wa kila kipindi huenda asiingie katika kifungu hicho, maana atahesabiwa kuwa mwanakandarasi, si kibarua. Lakini tazameni mantiki: bunge letu limekubali kwamba miezi mitatu ya kuchanganya simiti inatosha kuzaa uhusiano wa ajira, ilhali miaka thelathini ya kubeba jina la kituo haizai chochote. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 nayo inatambua kwamba mwigizaji ana haki zake katika uigizaji wake. Kanuni za utangazaji, zinazotaka angalau asilimia 40 ya vipindi viwe vya hapa nchini, zinawahimiza wenye vituo kujaza saa za matangazo kwa kazi za nyumbani. Hazisemi lolote kuhusu mtu aliyeitoa kazi hiyo anakula nini akizeeka.

Wanjau alizeeka. Macho yake yakaanza kufifia, akastaafu uigizaji, habari za hali yake zikasambaa, na Wakenya wakachanga fedha za matibabu. Michango ile ilikuwa ya heshima, na waliotoa walitoa kwa mapenzi. Lakini harambee imekuwa kichaka ambamo taasisi zetu hujificha. Shirika linaponyamaza, wananchi wakaitika, na ofisa wa shirika akaja na hundi ya mfano na mpiga picha, wajibu umegeuzwa kuwa sadaka na mdaiwa ametoka kwenye picha akiwa mfadhili. Nimeona hivyo kwa wanariadha, kwa wanamuziki, na kwa waigizaji wengine wa kizazi hicho.

Hata majirani zetu Watanzania walifikishwa hapo na mchekeshaji wao. Amri Athumani, King Majuto, alipougua mwaka 2018, mazungumzo yaliyokuwa ya kumwombea nafuu yaligeuka kuwa mazungumzo ya mikataba aliyokuwa ametia saini, na waziri aliyehusika na sanaa akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti mwaka huo. Kwetu kilio cha 2015 hakikuzaa hata kamati, nasi ni watu tunaopenda kamati.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya wala semina ya siku tatu Naivasha. Mtangazaji wa taifa anapomtumia mwigizaji yuleyule msimu baada ya msimu, ampe mkataba wa muda maalumu unaomwingiza katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambako mwajiri huchangia asilimia 6 na mfanyakazi asilimia 6. Mkataba useme waziwazi nini kitalipwa kipindi kikirudiwa, kikiuzwa nje au kikiwekwa mtandaoni. Vipande vya Vitimbi vinatazamwa YouTube leo na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa viliporekodiwa, wakiwa Nairobi, Doha au Minneapolis. Kazi ya marehemu bado inaendelea, na warithi wa kazi hiyo wana majina.

Na majina ndipo pa kuanzia. Tuliwajua watu hawa kama Ojwang', Mama Kayai, Makokha, Othorong'o, na wengi wao tuliyajua majina yao halisi siku ya matanga. Mtu mmoja katika hifadhi ya kanda pale Jumba la Utangazaji, akiwa na daftari na muda wa wiki chache, anaweza kupitia vipindi vilivyosalia na kuorodhesha nani hasa aliigiza nini na mwaka gani. Siku atakapotokea mhasibu mwenye nia ya kulipa, atahitaji kujua hundi iandikwe kwa nani, maana benki haimjui Mzee Ojwang' Hatari.