Sehemu ya pili haiji

Wasee, mnaniuliza sehemu ya pili ya video ya kalvati iko wapi. Haiji. Kule Melbourne kuna kundi linaitwa Cave Clan, tangu 1986 wanatembea kwenye mitaro ya chini ya ardhi, na sheria yao kubwa ni hii: mvua ikinyesha, usiingie. Nikadhani hiyo inatosha. Siku ile Kimilili jua lilikuwa kali, nikaingia pale kijito kinapopita chini ya barabara, maji ya vifundoni tu. Mara yakafika magotini, rangi ya chai ya maziwa. Kumbe juu Mlima Elgon kulikuwa kunanyesha! Nilitoka na kiatu kimoja. (Simu ilipona, asanteni kwa kuuliza.) Sisi tunaishi chini ya mlima, mawingu ya hapa mjini hayakuambii kitu. Lazima uingie? Basi pigia mtu wa Kapsokwony kwanza.