Inoki na Ukweli Uliozomewa

Husikia watu wakisema ati mieleka ya kulipwa ni danganya toto tu, kwa kuwa mshindi hujulikana kabla ya kengele kulia. Ni kweli hujulikana. Lakini kule Lamu, katika kirumbizi, vijana wawili hukabiliana kwa fimbo huku zumari likilia, na hakuna aendaye pale kutazama mtu akiuawa. Watu hutazama hatua, mikono, na namna pigo linavyokingwa. Na lisipokingwa, huuma.

Wenye dharau hiyo ningewataka wamtazame Antonio Inoki, Mjapani aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2022. Alizaliwa Yokohama mwaka 1943, akahamia Brazil na jamaa zake akiwa kijana mdogo, akatumika katika mashamba ya kahawa. Huko ndiko alikoonwa na bingwa Rikidozan, akarejeshwa kwao mwaka 1960 kufundishwa kazi. Mwaka 1972 akaanzisha chama chake, New Japan Pro-Wrestling.

Tarehe 26 Juni 1976, mjini Tokyo, alipambana na Muhammad Ali, bingwa wa ndondi wa dunia. Safari hii mshindi hakupangwa. Kwa raundi 15 Inoki alijilaza chini akimpiga Ali mateke ya miguu, na ngumi za Ali hazikuwa na pa kutua, kwani nani ataweza kumpiga konde mtu aliyelala? Matokeo yakawa sare. Miguu ya Ali ilivimba hata akalazwa hospitali. Na watazamaji? Walizomea, wakatupa takataka ulingoni, wakapiga kelele kwamba wameibiwa fedha zao! Miaka yote walilalamikia uongo. Siku walipopewa ukweli wakautupia taka.

Mimi mtunzi wa mashairi siwashangai. Katika malumbano ya gazetini washairi wawili hutukanana wiki kwa wiki, msomaji akadhani ni mahasimu, kumbe jioni wapo baraza moja wanakunywa kahawa. Lakini siku watakapogombana kwelikweli, utaona vina vyapotea na mizani yavunjika, na shairi halisomeki tena.

Basi yale mapatano ya wanamieleka siyaiti uongo. Nayaita amana. Mtu humkabidhi mwenziwe shingo yake, naye humwangusha kwa kishindo kikubwa na kumlaza salama. Amana hiyo ilikosekana Karachi, Desemba ya mwaka huohuo wa 1976, Inoki alipokutana na Akram, wa ukoo wa yule bingwa mkuu Gama. Alimkunja mkono hata ukaumia vibaya. Waliotaka ukweli waliupata.

Baadaye Inoki aliingia bungeni, na mwaka 1990 akaenda Iraq, ambako mateka wa Kijapani waliachiliwa. Yasemwa safari hiyohiyo alisilimu, ingawa Ubudha hakuuacha. Hilo nawaachia masheikh.

Ali hakumwekea kinyongo. Alimpa hata muziki wa kuingilia ulingoni, wenye neno lililopigiwa kelele Kinshasa mwaka 1974, boma ye, yaani "muue" kwa Kilingala. Mwaka 1998 Inoki alipocheza pambano lake la mwisho mjini Tokyo, Ali alikuwapo, mwili ukimtetemeka kwa maradhi, na maelfu ya Wajapani wakimwimbia rafikiye neno hilo la Kikongo.