Saini Tupu za Java: Majibu kwa Wanaosema Hazikuwa Kitu

Mmekwisha kuzisikia hoja zinazotolewa kila unapotajwa udhaifu wa Java uliosajiliwa kwa jina CVE-2022-21449. Kwamba ulikuwa wa kiwango cha kati. Kwamba unawahusu wachache. Kwamba aliyebaki na toleo la zamani ndiye mwenye busara. Kwamba hakuna aliyeumia. Nimezisoma hoja hizi kwa makini, na sioni hata moja inayosimama ikiwekwa mbele ya ushahidi. Amueni wenyewe.

Ushahidi kwanza. Mwezi Novemba 2021, Neil Madden, wakati huo akifanya kazi ForgeRock, aliiarifu Oracle kwamba Java kuanzia toleo la 15 ilikuwa ikikubali saini za ECDSA zisizo na kitu ndani. Saini ya aina hiyo ni namba mbili, r na s. Kanuni inamtaka mkaguzi, kabla hajaanza hesabu yoyote, ahakikishe kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sifuri. Java haikuhakikisha. Sasa ifuateni hesabu yenyewe. Mkaguzi anatafuta kinyume cha s. Sifuri haina kinyume, lakini njia iliyotumika, ya kuipandisha s kwenye kipeo kikubwa, haikutoa kosa, ilirudisha sifuri. Sifuri hiyo ikazidishwa na muhtasari wa ujumbe, kisha ikazidishwa na r, na pande zote mbili zikawa sifuri. Nukta iliyopatikana kwenye mkunjo ikawa ile nukta tupu inayofanya kazi ya sifuri, na thamani yake ya x ikasomwa sifuri. Swali la mwisho la ukaguzi ni moja: je, x ni sawa na r? Sifuri na sifuri ni sawa, basi saini imekubalika. Angalieni kilichotoweka njiani. Ujumbe umefutika katika kuzidisha, na ufunguo wa umma umefutika nao. Saini ileile inapita kwa ujumbe wowote, chini ya jina la mtu yeyote.

Wa kwanza wanasema udhaifu huu ulikuwa wa kati, kwa kuwa Oracle yenyewe iliupa alama 7.5 kati ya 10. Tuwatendee haki: alama hiyo haikutungwa ovyo. Kipimo cha CVSS kilikiri kwamba mshambuliaji anaweza kuwa popote mtandaoni, hahitaji akaunti, hahitaji msaada wa mtumiaji, na kazi yake ni rahisi. Kilichoishusha alama ni kwamba madhara yalihesabiwa upande wa uadilifu wa data peke yake. Usiri na upatikanaji wa huduma viliandikiwa kwamba havikuguswa. Hapo ndipo hesabu inapovunjika. Saini ya kidijitali haikai peke yake kama pambo. Imewekwa pale mfumo unapouliza, "Wewe ni nani?" Tokeni ya JWT iliyotiwa saini kwa ES256 ndiyo inayomtambulisha mhasibu kuwa mhasibu na msimamizi kuwa msimamizi. Akishakubaliwa kuwa msimamizi, mvamizi anasoma faili zote: usiri umekwenda. Anaweza kuzima huduma: upatikanaji umekwenda. ForgeRock, waliojua mifumo ya utambulisho inavyoitegemea saini, waliupa udhaifu huohuo 10.0. Tofauti ya alama hizo mbili inatokana na swali lililoulizwa. Mmoja aliuliza kipande cha programu kimefanya kosa gani, mwingine akauliza kosa hilo linamfungulia nani mlango. Mwenye seva ya kulinda anahitaji jibu la swali la pili, na anayemtajia 7.5 ili alale usingizi anampa jibu la swali ambalo hakuuliza.

Wa pili wanasema: "Sisi hatutumii ECDSA, tunatumia RSA." Kwa tokeni zao wenyewe, hoja hiyo ni sahihi, na ninaikubali. Inaishia hapo. Programu hiyohiyo ya Java inapopiga simu kwenda huduma nyingine kwa HTTPS, inakagua cheti cha upande wa pili, na orodha ya mamlaka za vyeti inayokuja na Java ina vyeti vya mizizi vya aina ya ECDSA. Cheti cha seva yoyote maarufu ni cha umma. Kila anayetaka anacho. Asichokuwa nacho mvamizi ni ufunguo wa siri wa kutia saini wakati wa mapatano ya kuanzisha muunganisho, na hicho ndicho Java iliacha kukidai. Muda mfupi baada ya habari kutangazwa, ilionyeshwa hadharani seva bandia ikituma saini ya sifuri na programu ya Java ikiendelea na mazungumzo kana kwamba imefika ilikokusudia. Ongezeni SAML, OpenID Connect na WebAuthn, ambazo kampuni nyingi zimezipokea ndani ya bidhaa walizonunua bila kuulizwa wanapenda saini ya aina gani. Kwa hiyo anayesema "hatutumii" anazungumzia msimbo alioandika mwenyewe, wakati mazingira yanayouendesha msimbo huo yana maamuzi yao.

Hoja ya tatu inakuja kwa sura mbili zinazopingana, na ajabu ni kuzikuta katika kinywa kimoja. Sura ya kwanza: Java ni lugha salama, hivyo kasoro kubwa ya namna hii haiwezi kutoka ndani yake. Sura ya pili: kosa ni la kuhamisha msimbo kutoka C++ kwenda Java, na wangeuacha ulivyokuwa. Ikiwa lugha ndiyo inayotoa usalama, kuhama kungetuongezea usalama. Ikiwa kuhama ndiko kulikoleta kosa, basi lugha haikutukinga. Kinachozimaliza sura zote mbili ni historia yenyewe. Msimbo wa zamani wa C++ ulikuwa na ukaguzi wa sifuri. Ulioandikwa upya kwa ajili ya toleo la 15, lililotoka Septemba 2020, haukuwa nao. Java inamzuia mwandishi asiandike nje ya mipaka ya kumbukumbu ya kompyuta. Haiwezi kujua kwamba r hairuhusiwi kuwa sifuri, kwa sababu kwa lugha yoyote sifuri ni namba halali kabisa. Sharti hilo liko kwenye kanuni ya ECDSA, na anayeliingiza kwenye msimbo ni mtu. Aliyehitajika alikuwa mjaribu. Majaribio nayo yalikuwepo: mradi wa Wycheproof, ulioanzishwa na Google mwaka 2016, una orodha ya saini mbovu za kuitegea maktaba ya usimbaji, na saini zenye sifuri zimo. Yeyote ambaye angeuendesha mradi huo dhidi ya Java 15 angeuona mlango uko wazi siku ya kwanza. Ulikaa wazi hadi Aprili 2022.

Kutokana na hayo, wa nne wanahitimisha kwamba busara ni kubaki Java 8. Ukweli wa msingi wanao: matoleo ya 8 na 11 hayakuathirika na kosa hili, hata kama tangazo la kwanza la Oracle liliyataja kabla ya kusahihishwa. Lakini tangazo hilohilo la tarehe 19 Aprili 2022 lilibeba viraka vya udhaifu mwingine uliokuwemo ndani ya matoleo 7, 8 na 11. Aliyesoma mstari mmoja wa jedwali akajipongeza, mistari iliyobaki ilikuwa inamhusu. Kunusurika na kosa moja hakuondoi deni la mengine, na wengi wanaojivunia Java 8 hawajui hata wanaendesha sasisho la ngapi.

Wapo wanaopendekeza kubadilisha funguo zote. Ni kazi ya bure hapa: hakuna ufunguo uliovuja, na saini ya sifuri haigusi ufunguo wowote, mpya wala wa zamani. Wengine wanategemea kinga ya mtandao ichuje saini tupu. Ndani ya tokeni ya ES256, saini hiyo ni herufi A 86 zilizopangana; kwa muundo wa DER inakuwa MAYCAQACAQA=; ndani ya muunganisho wa TLS ni baiti ambazo kichujio hakiziwekei maana yoyote. Atakayechuja umbo moja atapitwa na jingine. Dawa inajulikana: 17.0.3 au 18.0.1 na matoleo ya baadaye. Aliyekwama kwa muda anaweza kukabidhi ukaguzi wa saini kwa Bouncy Castle, ambayo haikuwa na kosa hili. Matoleo ya 15 na 16 yalikuwa yamekwisha kutelekezwa na Oracle, kwa hiyo anayeyaendesha asisubiri kiraka, ahame.

Imebaki hoja inayopendwa kuliko zote: mbona hakuna aliyeripoti kushambuliwa? Jiulizeni shambulio hilo lingeonekana wapi. Nywila ikikosewa mara elfu, kumbukumbu za seva zinajaa makosa na mtu anashtuka. Saini tupu inapopita, seva inaandika kwamba mtumiaji fulani ameingia na saini yake imethibitishwa. Mstari huo haupishani hata herufi moja na ule wa mtumiaji halali, na mifumo mingi haihifadhi saini yenyewe, kwa hiyo hata anayetaka kurudi nyuma kukagua hana cha kukagua. Ukimya wa kumbukumbu ambazo haziwezi kusema hauthibitishi usalama wa mtu. Waliohifadhi tokeni nzima za kipindi cha Septemba 2020 hadi siku waliyosasisha wana njia ya kujua: watafute zinazoishia kwa zile herufi 86. Na kabla ya hapo wafungue kontena zao na bidhaa walizonunua, kwa sababu nyingi hubeba Java yao ndani, na kusasisha Java ya seva hakuifikii hiyo.