Nani Aliyelijenga Daraja?

Kuna maneno ambayo hata baadhi ya wanachama wetu huyasema bila ya kufikiri: "Lakini reli tuliletewa na Mzungu." Asemaye hivyo hudhani ametoa hoja isiyojibika. Sisi twaijibu, na twaanzia huko huko kwa Mzungu mwenyewe.

Katika nchi ya Wales, kaskazini kidogo ya mji wa Merthyr Tydfil, liko daraja la reli lipitalo juu ya bonde la mto Taff Fawr, mahali paitwapo Cefn Coed. Lilimalizika mwaka 1866. Lina matao 15, urefu wa futi 770, na kimo cha futi 115. Lilikula pauni 25,000. Vitabu vinawataja mainjinia wake, Sutherland na Conybeare. Haya, wapewe heshima yao. Lakini ramani haibebi jiwe.

Merthyr ulikuwa mji wa tanuri za chuma, na matajiri wake walijua kutawala. Mwaka 1831 wafanyakazi waliinuka kwa ajili ya mishahara iliyopunguzwa na madeni yaliyowakaba. Serikali ikawaletea askari, damu ikamwagika, na kijana Richard Lewis akanyongwa mjini Cardiff. Basi wale wanaodhani bunduki ya Mwingereza iliwekwa kwa ajili ya watu weusi peke yao wakumbuke mwaka huo.

Daraja lenyewe limepinda. Sababu si mto wala mlima. Tajiri wa chuma, Robert Thompson Crawshay, hakutaka reli ipite katika ardhi yake, na reli ikamzunguka kama mtumishi azungukavyo kiti cha bwana. (Crawshay huyo alikufa mwaka 1879. Juu ya kaburi lake pale Vaynor, si mbali na daraja, limewekwa bamba zito la jiwe lenye maneno ya kumwomba Mungu amsamehe.)

Sasa tazameni matao. Nguzo ni za mawe, lakini tumbo la matao ni matofali. Februari 1866 waashi wa mawe waligoma, wakaweka nyundo chini. Kampuni ikanunua matofali 800,000, ikaajiri waashi wa matofali, na kazi ikaendelea mpaka ikaisha.

Wapo watakaosema waashi wa mawe walishindwa. Ni kweli, walishindwa, nasi hatutapaka rangi. Walishindwa kwa sababu mkono mwingine wa kazi ulikuwa tayari kushika walichokiacha. Hatuwatukani wale wa matofali. Mtu mwenye watoto nyumbani hujua mwenyewe lililomsukuma. Lakini tajiri hana silaha kali kuliko fundi wa aina moja asiyemjali fundi wa aina nyingine, na silaha hiyo hainunui; sisi wenyewe humpa bure.

Kwetu, Septemba 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Wafanyakazi wa reli hawakusema, "Hayo ni mambo ya bandarini." Wakagoma nao, na mgomo ukapanda bara kwa njia ile ile ya reli ambayo serikali iliitumia kuteremshia mazao. Waliofanya hivyo wengi hawakuwa wamekanyaga shule.

Magari moshi ya abiria yalikoma kupita Cefn Coed mwaka 1961, na leo daraja ni njia ya waendao kwa miguu na baiskeli. Mabamba ya majina huchakaa, lakini apitaye chini akiinua macho atayaona matofali juu ya mawe, naye atauliza kwa nini.

Basi mwanachama atakayesema tena katika mkutano wa tawi kwamba reli tuliletewa, asizomewe. Aulizwe kwa adabu: njia ya Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyotandikwa kati ya 1905 na 1914, ilichimbwa kwa majembe ya nani, na katika ukoo wake ni wazee wangapi waliokwenda wasirudi?